Ndoano Kwenye Mtutu

Leesworth, Carolina Kusini
6 Machi 1978

Baba mpendwa,

Naomba barua hii ikukute mzima, goti limetulia na kuni hazijaisha. Mimi sijambo, ila chafya. Huku maua yameshachanua na ni mwezi wa tatu tu. Nyie bado mnachimba theluji kutafuta gari.

Najua umekasirika. Niliondoka bila kuaga kwa sababu ningekuaga ningebaki. Miezi mitatu nimesimama na nyie kwenye lango la kiwanda cha Amidon, tumeota moto wa pipa, tumeimba nyimbo zilezile, na Stash Wojcik amenisimulia mara arobaini alivyomtukana meneja mwaka 1959. Nina miaka ishirini na tatu, Baba. Watu wa kampuni walipokuja wakaniambia, "Gagnier, mgomo huu hauishi leo, njoo kiwanda kipya cha kusini ufundishe wakaguzi, na utuandikie historia ya Amidon, miaka mia na thelathini," mimi nilisikia hilo la pili tu. Naapa.

Makasha kumi na tisa ya madaftari ya zamani yamekuja huku kwa lori, na hakuna aliyewahi kuyafungua. Nimeyafungua mimi. Unajua mzee Josiah Amidon alianza na miundu ya kukatia nyasi? Miundu, basi. Halafu vita ya Kaskazini na Kusini ikaanza, serikali ikamwandikia kumuuliza kama anaweza kutengeneza bunduki. Alikuwa hajatengeneza hata moja maishani mwake. Akajibu: "Naweza. Elfu kumi." Barua yenyewe ninayo mkononi, wino umekuwa wa kahawia. Nikasema, huyu mzee ni ndugu yangu.

Sasa nahitaji yasiyo kwenye madaftari. Nisimulie ya chumba cha wakaguzi. Nani anayajua kuliko wewe? Simu umeikata, kwa hiyo huna njia, itabidi uandike.

Najua wananiitaje langoni. Usiniambie.

Mwanao,
Noella


Tarbell Falls, Vermont
2 Aprili 1978

Mwanangu,

Nimepata barua. Mimi mzima. Goti ni lilelile. Utomvu mtamu wa miti ya maple unatiririka vizuri mwaka huu, nimeuchemsha peke yangu mpaka nikapata galoni sita za asali yake. Mwaka jana tulikuwa wawili.

Wanakuitaje langoni? Hawakuiti kitu. Stash aliniuliza tu, mbele ya watu, "Ovila, binti yako anawafundisha wale wanaochukua kazi yako, je, mshahara wake wa kwanza atakutumia shati?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanya nini.

Umeniuliza ya chumba chetu. Nilisema sitakujibu, nikakaa wiki tatu, na sasa najibu.

Kila mkaguzi ana muhuri wake wa chuma wenye alama yake. Wangu ni ndoano. Kila mtutu unafyatuliwa kwanza kwa risasi nzito, baruti mara moja na nusu ya kawaida, na mkaguzi anasimama palepale, nyuma ya ubao tu. Baadaye anaushika, anautazama ndani, anautazama nje, halafu anapiga chapa yake. Chapa maana yake: nilikuwepo, na haukuniua. Hakuna maana nyingine. Mkaguzi akiondoka kazini, muhuri wake unalazwa kwenye fuawe na mwenzake anaupiga nyundo mpaka alama ife. Nimeua mihuri saba ya watu. Tunakunywa kidogo baadaye, kama msibani.

Wangu haujauawa. Iandike hiyo kwenye kitabu chako, wacheke. Unajua Novemba yetu ilivyo. Ikifika wiki ya kuwinda kulungu, kiwanda kizima kinashikwa na hasira. Kuna mwaka tuligomea sabuni ya chooni. Tunatoka Ijumaa, tunaingia msituni, Jumatatu ya pili tunarudi na nyama, na meneja anajifanya tumeshinda. Ilikuwa hivyo tangu enzi za baba yangu. Kwa hiyo Novemba iliyopita nikauacha muhuri kwenye droo ya tatu, ndani ya kitambaa chekundu. Nani anaua muhuri wake kwa ajili ya wiki ya kulungu? Safari hii wale wa New York, waliotununua pamoja na viwanda vyao vya mashine za kufulia, wakafunga lango nyuma yetu.

Makabati yetu yamepelekwa huko uliko. Ukiuona, uue. Nakuomba hilo tu.

Baba yako


Leesworth
21 Mei 1978

Baba yangu,

Habari za huko, habari za goti, habari za Stash mdomo mrefu? Mimi nimepona chafya na nimejifunza kula uji mzito wa mahindi asubuhi, wanautia siagi na chumvi. Usikunje uso.

Kaa chini kwanza. Nimeupata. Droo ya tatu, kitambaa chekundu, kila kitu. Niliushika nikalia kama mjinga mbele ya wavulana sita wa Carolina ambao hawajawahi kuona mtutu ukikaguliwa.

Na sikuuua. Nisikilize kabla hujafura. Nilimwendea Bwana Haskew, meneja wetu hapa, nikamwambia, huyu ni Ovila Gagnier, miaka thelathini na moja, hakuna bunduki yake iliyorudi kiwandani kwa ubovu. Akaniuliza, "Hata moja?" Nikasema hata moja. Akatabasamu, akasema, "Basi utumie wewe. Wateja wanaijua ndoano." Baba, sasa kila bunduki inayotoka hapa ina ndoano. Lango wamekufungia, lakini jina lako linatoka kila siku, mia na ishirini kwa siku. Naipiga mwenyewe. Mkono wangu umeshazoea, pigo moja tu.

Kuhusu kufyatua, usiogope. Banda la kujaribia halijakwisha, mtambo bado umefungwa kwenye mbao. Bwana Haskew anasema chuma ni kilekile na tanuri ni lilelile, kwa hiyo kwa sasa tunajaribu mtutu mmoja katika ishirini, nyuma ya ghala, kwa kamba ndefu. Mingine tunaipiga chapa tu. Ni ya muda.

Sura ya pili imekwisha. Vita ilipoisha Amidon alikuwa na bunduki ghala zima na hakuna wa kumpiga risasi. Akawauzia wafalme wawili wa mbali waliokuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe, meli moja, wawakilishi wao wakala meza moja. Wakubwa wa kampuni wamenikatia hiyo. Wameandika juu ya karatasi: "Inahuzunisha." Nimeirudisha kwa maneno mengine, hawataiona.

Mwanao mwenye furaha,
Noella


Tarbell Falls
30 Mei 1978

Noella,

Hujambo. Mimi sijambo.

Acha leo. Sio wiki ijayo. Ukimaliza kusoma hapa nenda ukaupige nyundo.

Hiyo sio heshima. Mtutu haujafyatuliwa na mimi sikuwepo, na wewe umeandika kwamba nilikuwepo. Umeandika hivyo mara mia na ishirini kwa siku. Umesoma vitabu vyote vya maktaba ya Tarbell Falls, ukasoma na makasha ya Amidon, na neno hili moja limekupita.

Usiniandikie mpaka umeuua.

Baba yako


Leesworth
12 Novemba 1978

Baba,

Natumaini u mzima. Sina haki ya kuuliza lakini nauliza: goti? Kuni? Nani amekusaidia kupasua?

Miezi mitano na nusu sijaandika. Ukweli ni huu. Barua yako ilinichoma, nikaitia mfukoni nikasema mzee ana wivu, ana hasira ya mgomo, na nikaendelea. Niliendelea Juni yote. Banda lilipofunguliwa Julai ndipo nikauua, peke yangu, kwenye fuawe la mafundi wa magari, na nikaona aibu kukwambia kwamba nilichelewa. Nikasema nitakuandikia kitabu kikitoka.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita, Georgia, mama mmoja anaitwa Arlene Toomey, dereva wa basi la shule, alikwenda kupiga kindi nyuma ya nyumba yake. Risasi ya tatu mtutu ukapasuka. Jicho la kulia limekwenda, na vidole viwili. Nimeuona mtutu, waliuleta huku kwenye sanduku. Umefunguka kama ganda la njegere, na kwenye upande uliobaki ipo ndoano, imenyooka vizuri kabisa. Namba yake nimeitafuta kwenye daftari langu la chapa. Tarehe 14 Juni. Haukuwa ule mmoja katika ishirini.

Mama Toomey ameshitaki. Mawakili wa kampuni wameshapata jibu: eti mtutu ulitengenezwa Vermont kabla ya mgomo, ukafyatuliwa na kukaguliwa kwa ukamilifu na O. Gagnier, alama yake hii hapa, kwa hiyo huyo mama atakuwa ametia risasi aliyoishindilia mwenyewe jikoni. Daftari langu halionekani tena. Lilikuwa kwenye kabati Jumatatu, Jumatano halipo. Bwana Haskew ameniambia, taratibu sana, "Noella, kitabu chako kinakwenda kuchapwa Januari. Ni kitabu kizuri. Usijichafue."

Baba, nifanye nini?

Noella wako


Tarbell Falls
20 Novemba 1978

Mwanangu mpenzi,

Mimi mzima, na kuni zipo, Stash alikuja na shoka bila kuombwa. Mwaka huu sikwenda kuwinda.

Wakili wao amefika hapa. Kijana mpole, amekunywa kahawa vikombe viwili, akasifu jiko langu. Tumezungumza.

Usisaini karatasi yoyote. Usimwambie mtu yeyote ulichoniandikia. Barua yako nimeichoma kwenye moto wa jiko. Ngoja mpaka nikuandikie tena. Mara moja tu katika maisha yako, usiwe na haraka.

Baba yako


Leesworth
3 Desemba 1978

Baba yangu,

Salamu nyingi sana, na safari hii nasalimu nikiwa mwepesi kama karatasi.

Ulisema ningoje. Nilingoja siku nne, Baba, nikashindwa. Nilidhani unaogopa kwa ajili yangu, na nikasema nikingoja mpaka hofu yako iishe nitazeeka. Nikapanda basi mpaka Georgia, nikampigia hodi Mama Toomey.

Alifungua mwenyewe, bandeji nusu ya uso. Nikasema, "Mimi ndiye niliyepiga chapa kwenye bunduki yako." Akanitazama kwa jicho moja. "Wewe? Umeshafika hata miaka ya kunywa bia?" Nikasema nina ishirini na tatu. "Haya, ingia, unaingiza baridi." Akanipa chai ya sukari nyingi, akaniacha nilie, halafu akasema, "Sasa ukimaliza, futa pua, tumwite wakili wangu. Mimi sitaki machozi, binti. Nataka mtu aseme wamenifanyia nini."

Nimeapa. Ijumaa, tarehe mosi. Nimeandika yote: banda, kamba, mmoja katika ishirini, tarehe 14 Juni, mkono wangu, muhuri wa baba yangu aliyekuwa langoni Vermont na hajui kitu. Jana Haskew amenifukuza kabla ya chakula cha mchana. Kitabu wamemkabidhi mtu mwingine. Naona uchungu, sitakudanganya, kurasa mia mbili na kumi, lakini uchungu wenyewe ni mdogo kuliko nilivyodhani.

Jina lako ni safi, Baba. Kamwambie Stash.

Mwanao,
Noella


Tarbell Falls
4 Desemba 1978

Mwanangu mpenzi,

Nakusalimu. Hapa baridi imeanza kweli, mto umeganda pembeni.

Sasa naweza kukwambia. Yule wakili alinieleza hivi: aliyepiga chapa bila kufyatua ndiye atakayejibu mbele ya sheria, na kampuni itamtoa kwa jina. Akaniambia, "Mzee Gagnier, ama mtutu ule ulikaguliwa na wewe, ama ulighushiwa na binti yako. Chagua." Nikamuuliza jela ni miaka mingapi. Akasema hapendi kunitisha.

Tarehe 29 Novemba nimekula kiapo. Nimesema niliufyatua, niliutazama, nilipiga chapa kabla ya mgomo. Mambo yamekwisha. Hakuna atakayekuuliza kitu.

Huyo mama nimemfikiria. Sina la kusema juu yake.

Langoni sijakwenda tena. Nimeisafisha kampuni kwa mkono wangu, na wenzangu wana mwaka mzima kwenye theluji. Stash alipita mbele ya nyumba jana, hakupunguza mwendo.

Wewe maliza kitabu chako.

Baba yako


Leesworth
9 Desemba 1978

Baba,

Hujambo? Barua zetu zimepishana njiani. Sasa hivi ya kwangu unayo mezani.

Futa kiapo chako. Nakupigia magoti. Wakili wa Mama Toomey anasema lile "chagua" la wakili wa kampuni si la kweli, mimi nilikuwa natii amri na anayetafutwa ni aliyeamuru. Alikutisha tu. Futa, sema ulitishwa. Mtu yeyote atakuelewa.

Mwanao


Tarbell Falls
16 Desemba 1978

Noella,

Hujambo. Mimi sijambo.

Wakili wa huyo mama anasema hivyo, wakili wa kampuni anasema vile. Mimi siwezi kukuweka wewe kwenye mizani nione ni yupi amesema kweli. Nikifuta, mimi ni mwongo wa kiapo na wewe umebaki mikononi mwao. Usipofuta wewe, mmoja wetu ni mwongo, basi niache mimi niamue ni nani asiende jela.

Futa wewe.

Baba yako


Macon, Georgia
22 Aprili 1979

Baba,

Natumaini ulifika salama, na kukaa siku mbili ndani ya basi hakukuumiza goti. Nilikuona ulivyolishika ukipanda ngazi za mahakama. Nilitaka kuja kukushika mkono. Ulipita hatua nne kutoka nilipokaa, umevaa ile suti ya mazishi ya Mama, na hukugeuza shingo.

Nataka nikurudishie maneno yako, uniambie kama nilisikia sawa. Wakili wa kampuni aliuliza, "Bwana Gagnier, kwa miaka thelathini na moja, umewahi kupiga chapa kwenye mtutu ambao hukuufyatua?" Ukasema, "Sijawahi." Hiyo ilikuwa kweli, na kila mtu mle ndani aliisikia kwamba ni kweli. Hata mimi nilijivuna, hebu fikiria. Halafu akauliza, "Na huu, uliufyatua?" Ukasema, kwa sauti ileile, "Na huu." Halafu akasoma kiapo changu chote, polepole, akauliza, "Je, binti yako anadanganya?" Ukalipapasa goti mpaka hakimu akakohoa. Ukasema:

"Binti yangu anapenda hadithi. Tangu mdogo. Kampuni ilimpa kazi ya kuziandika, ikamnyang'anya."

Walikuamini, Baba. Wazee wa baraza hawakukaa hata saa nzima. Mmoja wao, yule mwenye shati la miraba, alikupa mkono nje. Mama Toomey hakupata kitu, na mtu wa kampuni alisema kwenye gazeti kwamba wanamwombea. Basi la shule hawampi tena, wanasema jicho moja halitoshi barabarani. Nimepanga chumba kwake. Namwendesha hospitali, napika, yeye ananifundisha kufuga kuku na kunitukana.

Mimi sikukasirika kwamba ulidanganya kwa ajili yangu. Nimejaribu kukasirika kwa hilo, haikuwezekana. Nimekasirika kwamba walikuamini kwa sababu ya ile miaka thelathini na moja, yote, kila asubuhi uliyosimama nyuma ya ubao na risasi nzito. Ulikuwa nayo hiyo na ukawapa wale. Kwangu ungeweza kusema neno moja la kweli nikaenda jela miaka miwili nikatoka. Huyu mama hatatoka popote.

Kitabu kimetoka, nimekiona kwenye dirisha la duka hapa Macon. Ukurasa wa 188 kuna picha yako. Chini yake wameandika kwamba hakuna bunduki yako iliyorudi.

Jana Mama Toomey aliniuliza, huku anachambua maharage kwa vidole vitatu, "Yule baba yako, ni mtu mbaya?" Nikasema hapana. Akasema, "Nilidhani hivyo. Mtu mbaya angenitazama." Halafu akaniambia nisikae kama mzigo wa viazi, nikatie kuku maji.

Barua zako nazingoja kila siku, nikidanganya hilo nitakuwa kweli nimeanza hadithi. Lakini usiniandikie mimi. Mwandikie yeye kwanza. Anasoma kwa taabu, kwa hiyo andika herufi kubwa. Akisema nimsomee barua yako, nitakusoma.

Bi. Arlene Toomey
S.L.P. 41, Njia ya Kinu
Macon, Georgia

Mwanao,
Noella